Nalipa kodi ya vyumba vitatu, naishi viwili

Ndugu Mshauri,

Kwenye dari ya chumba cha watoto wangu kuna doa la maji. Lilianza dogo kama kisahani cha kikombe, kahawia pembeni na jeupe katikati. Nilipanda kiti, nikalizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe. Sijui hata kwa nini. Labda ni mazoea ya kazini, maana mimi ni mtunza stoo na kila kitu nakiandikia tarehe. Baada ya wiki doa lilikuwa limeuvuka mstari, nikachora mwingine. Kuna wiki nilisahau, lakini leo mistari ni 19 na wa mwisho umeigusa taa. Swichi ya taa hiyo nimeiziba kwa karatasi ya gundi asiiwashe mtu.

Hii ni miezi 7. Kodi nimeilipa yote, kila mwezi, tarehe ileile. Watoto wawili wanalala sebuleni, kwenye godoro ambalo kila asubuhi tunalisimamisha nyuma ya kochi. Nataka kudai nirudishiwe sehemu ya kodi hiyo, na sijui kama nina haki, ni kiasi gani, wala nidai vipi.

Maji yanatoka bafuni kwa jirani wa juu. Simlaumu, naye ni mpangaji tu, na mwenye nyumba wetu ni mmoja. Nilimwita fundi bomba kwa pesa yangu aje aangalie. Hakubomoa chochote. Alimwomba jirani asioge hapo tangu usiku hadi saa nne asubuhi, tukaweka beseni chini ya doa tukasikiliza. Matone yalipungua, mwishoni yakakatika kabisa. Kisha akapanda juu akafungua bomba la mvua. Robo saa haikupita, tone likaanguka kwenye beseni. Akaniambia, "Dada, lingekuwa bomba linaloleta maji lingevuja usiku kucha, kwa sababu lina presha muda wote. Hili ni la kutoa maji, au kiungo chake kule chini ya vigae." Kazi ya siku mbili au tatu, alisema, pamoja na kurudishia vigae.

Siku tatu! Mimi nina miezi saba.

Mama mwenye nyumba ni mtu mzima, wa rika la mama yangu mzazi. Huniita mwanangu, nami humwamkia shikamoo hata siku niliyompigia nikiwa nimefura kwa hasira. Nilipomweleza mara ya kwanza alisema, "Pole mwanangu, fundi anakuja Jumamosi." Jumamosi hiyo haijafika mpaka leo. Ikawa kila nikipiga ni pole, na kila pole ina Jumamosi yake. Ugumu wangu ni kwamba mama huyu amenitendea wema. Mwaka juzi nilipoachishwa kazi nilichelewesha kodi ya miezi miwili, hakunifukuza wala hakunitolea neno baya. Nikifikiria kumdai leo, ile methali ya fadhila ya punda inanijia hata kabla sijafungua mdomo.

Tangu mwezi uliopita, simu anapokea mwanawe. Huyo hana pole wala mwanangu. Amenitumia ujumbe kwamba unyevu tunausababisha wenyewe kwa kuanika nguo ndani na kufunga madirisha. Ni kweli, siku za mvua huwa naanika nguo ndani, na najua mvuke wake unaongeza unyevu. Lakini mvuke huo huganda kwenye vioo na kwenye pembe za kuta zenye baridi. Haukai katikati ya dari ukachora duara la kahawia linalopanuka kila jirani wa juu akioga.

Sasa nikuambie na yangu, usije ukanishauri kama mtu asiye na kosa. Kwanza, nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu, nikidhani doa litakauka. Pili, karibu kila kitu tumezungumza kwa simu. Maandishi niliyonayo ni ujumbe mfupi mmoja wa mwezi wa tatu wa tatizo, wenye picha ya dari, niliomtumia mama mwenye nyumba, na yeye alijibu "Nimeona, pole." Mkataba wangu, ambao nimeusoma wiki iliyopita kwa mara ya kwanza tangu niusaini (nacheka nikiandika hivi, lakini si kicheko), unasema mpangaji atoe taarifa ya uharibifu kwa maandishi, na mwenye nyumba atatengeneza paa, kuta na mabomba "ndani ya muda unaofaa". Muda unaofaa ni upi? Hawakuandika. Tatu, kuna siku fundi wao alikuja kweli, bila taarifa, mimi nikiwa kazini. Akagonga, akaondoka. Mwanawe sasa anadai niliwanyima ruhusa ya kuingia.

Na la nne linaniuma zaidi. Kabati la nguo za watoto niliacha limeegemea ukuta uleule. Siku nilipolisogeza nilikuta nyuma yake pameota kuvu jeusi, mbao zimevimba, na ndani kiatu cha shule cha binti yangu kimefunikwa vumbi la kijani kama unga. Baadaye nikasoma kwamba kitu kilicholowa kinatakiwa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo kuvu huanza kuota, na kwamba kufuta kwa dawa hakusaidii kama maji bado yanaingia. Nimefuta mara nne. Limerudi mara nne.

Mdogo anakohoa usiku. Daktari aliniuliza kama nyumbani kuna unyevu kabla hata sijamweleza lolote, akaandika hivyo kwenye cheti. Hakusema unyevu ndio ulioleta kikohozi, alisema unaweza kukizidisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusisha nyumba zenye unyevu na kuvu na matatizo ya kupumua na pumu. Usiku mmoja nikasoma habari za Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Uingereza Desemba 2020 baada ya kuishi kwenye nyumba yenye kuvu ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Huko sheria iliyopewa jina lake inawawekea wamiliki wa nyumba za kijamii (zile zinazopangishwa kwa bei nafuu na halmashauri au mashirika) muda maalumu wa kushughulikia unyevu na kuvu. Nilizima simu, nikaenda sebuleni kusikiliza wanavyopumua.

Kaka yangu anasema nisilipe tena kodi mpaka watengeneze. "Mguse mfukoni, atakuja mbio." Kazini kuna mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mikataba ya nyumba, naye karibu anizabe kofi niliposema hivyo. Alinieleza kwamba sehemu nyingi kodi na matengenezo ni madai mawili tofauti: ukiacha kulipa, wewe ndiye unayekuwa mdaiwa, na wanaweza kukutoa kwa kosa la kodi huku dari ikisahaulika. Ukitaka kukata kwenye kodi, alisema, uwe umehakikisha kwanza sheria au mkataba wako unakuruhusu. Yeye ananitaka nilipe kama kawaida, niandike barua yenye tarehe, nibaki na nakala, na nidai.

Ila na hesabu zake zilinipunguza mwendo. Nilikuwa nimepanga kudai theluthi moja ya kodi ya miezi 7, chumba kimoja kati ya vitatu. Yeye anasema kwa kawaida hesabu haianzii siku doa lilipotokea, inaanzia siku mwenye nyumba alipojua, tena baada ya kupewa nafasi ya kutengeneza. Basi zile wiki zangu tatu za ukimya nizisahau. Godoro na kabati nitalipwa kwa thamani ya vitu vilivyokwishatumika, si bei ya vipya, na kwa kabati wataniuliza kwa nini sikulisogeza mapema. Kuhusu kikohozi, bila daktari kuunganisha ugonjwa na nyumba, nisiweke matumaini makubwa. Usumbufu wa watoto kulala sebuleni nao unadaiwa, lakini hakuna rula ya kuupimia. Nilipomaliza kumsikiliza, dai langu lilikuwa limekatwa karibu nusu, na bado naona ni pesa inayostahili kudaiwa.

Juzi mwanawe amekuja na karatasi. Wananisamehe kodi ya mwezi mmoja, nami nasaini kwamba sina "madai yoyote, yaliyopo na yajayo, kuhusu hali ya nyumba". Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaigeuza nyuma, nikadhani kuna ukurasa wa pili. Hakuna. Karatasi haisemi watatengeneza lini. Haisemi hata kwamba watatengeneza. Nilipomuuliza alisema, "Hilo linajulikana." Mkataba wangu unaisha baada ya miezi mitatu, na aliondoka akisema wapo watu wengi wanaitaka nyumba hiyo. Nilimpigia mama mwenyewe jioni. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mambo hayo muulize huyo."

Kwa hiyo nakuuliza. Msamaha wa mwezi mmoja niukubali, kwa kuwa ni pesa niliyoiona kwa macho, au nikatae kusaini maneno ya "yajayo" na niombe iandikwe tarehe ya kazi? Naweza kupokea punguzo bila kuua madai ya godoro na kabati? Ujumbe mmoja wenye picha, mistari yangu ya penseli, risiti ya fundi na cheti cha daktari vinatosha kuwa ushahidi, au barua ninayoandika leo imeshachelewa? Ile siku ya fundi aliyegonga bila taarifa itaniharibia? Na yule mama, je, kuna namna ya kumwandikia dai ambayo haitamfanya aone nimemsahau?

Kuhama sitaki. Shule ya watoto ni dakika kumi kwa miguu, na jirani wa juu, maskini, siku hizi anaoga kwa ndoo kwa ajili yetu.

Nimeshaipiga picha ile karatasi pande zote mbili, ule mtupu pia. Anaitaka Ijumaa, na bado sijaisaini.

Ni mimi,
Mpangaji wa ghorofa ya chini