Barua kwa mwanangu: kifaru chako kina kutu nyingi mno

Mabatini, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Hapa nyumbani wote wazima, ila mvua za vuli zimeanza na njia ya kushukia gereji imeshakuwa tope tupu. Picha za kifaru chako kidogo cha vita, kile cha plastiki cha kuunganisha, nimezipata, nikazikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Kuunganisha umeunganisha vizuri. Sijaona gundi iliyovuja, na ule mstari wa muungano kwenye mzinga umeupiga msasa ukapotea kabisa. Lakini kutu, mama yangu! Umeipaka juu, ubavuni, kwenye mifuniko, mpaka kwenye raba za magurudumu. Raba inashika kutu tangu lini?

Unajua kazi yangu. Kutu naikwangua, naiziba kwa puti, naipiga praima na rangi, mwenye lori anaondoka akidhani gari lake ni jipya. Sasa unaniuliza namna ya kuitengeneza makusudi. Nilicheka mbele ya vijana wa gereji, wakataka kuona, nikawaonyesha. Mmoja akasema kifaru hicho kimezama ziwani kikaopolewa. Usikasirike, kasema kweli.

Kifaru kilicho kazini kina watu wake 4, na watu hao wanakihudumia kila siku kwa sababu maisha yao yamo humo ndani. Hakiwezi kuwa chekundu kama gofu la lori lililotelekezwa nyuma ya gereji. Chuma chake kikuu ni kinene, kikichubuka kinaonyesha kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, na doa lenyewe ni dogo. Kutu ya rangi ya chungwa iweke kwenye bati jembamba tu: kona za madigadi zilizogonga miti, vishikizo, na bomba la moshi, maana pale joto huunguza rangi yote. Kwenye Type 59, ndiyo aina ya kifaru chako, bomba hilo liko kushoto, juu ya digadi la nyuma. Kwako upande huo ni safi kuliko wa kulia. Ulitakiwa uwe na masizi meusi yaliyosambaa kuelekea nyuma na kufifia kidogo kidogo, siyo doa la duara.

Kabla ya kugusa brashi tena, piga hesabu. Skeli ya 1/35 maana yake milimita moja kwenye kifaru chako ni sentimita tatu na nusu kwenye kifaru chenyewe. Ile michubuko uliyoichora kwa brashi, mingine ina urefu wa milimita tano. Hiyo ni sentimita kumi na saba na nusu, rangi imebanduka karibu urefu wa kiganja pamoja na vidole vyake! Chukua kipande cha sponji ya godoro, ukichane kisiwe na ukingo ulionyooka, chovya kwenye kahawia iliyokolea, kisha kigonge kwenye gazeti mpaka kikaribie kukauka. Hapo ndipo uguse kingo za mifuniko. Fikiria watu wanapandia wapi. Dereva anaingia mbele kushoto. Kamanda mfuniko wake uko kushoto mwa tareti, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, na wa mpakia risasi uko kulia. Buti zao zinapita njia zilezile kila siku, kwa hiyo rangi iliwe hapo. Katikati ya tareti, ambapo hakuna anayekanyaga, acha kijani kibaki kijani.

Sehemu chache unazotaka zibanduke kweli, kama ncha za madigadi, kuna njia nzuri kuliko sponji. Paka kahawia ya kutu, iache ikauke, pulizia dawa ya nywele ya kopo, ile ya kushikisha mtindo, halafu juu yake pulizia kijani cha rangi ya maji. Usingoje mpaka kesho. Baada ya nusu saa hivi lowanisha kwa brashi na usugue taratibu kwa mswaki mkuukuu. Maji yanapenya kwenye rangi, yanaiyeyusha ile dawa chini yake, na kijani kinabanduka chenyewe bila mpangilio. Mkono wa binadamu hauwezi kuchora ovyo kiasi hicho, hata ujitahidi vipi.

Mpangilio wa rangi nadhani unaujua, nitapita haraka. Praima, kijani, kisha kijani hichohicho kilichochanganywa na rangi ya mchanga kidogo katikati ya kila bamba, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi mno. Vanishi ya kung'aa. Namba na alama. Hizo usizibuni, mwanangu. Kama huna picha ya kifaru cha JWTZ cha wakati ule inayoonyesha namba, acha tareti tupu. Halafu ndipo uchafu, na mwisho kabisa vanishi isiyong'aa.

Ile vanishi ya kung'aa wengi wanairuka. Mafundi wetu wangekuelewesha kwa sekunde moja: tina kali juu ya rangi isiyoilingana, rangi inakunjamana. Rangi yako ya kijani ni ya maji. Rangi ya kuzamisha kwenye mistari na kuzunguka nati iwe ya mafuta, ya zile tyubu za wachoraji, kahawia iliyokolea, uizimue kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai. Ukigusa ncha ya brashi kando ya nati moja, utaiona ikikimbia yenyewe kuzunguka nati na kufuata mstari. Juu ya uso unaong'aa inakimbia. Juu ya uso mkavu usiong'aa inanyonywa palepale na kuacha baka, na nadhani ndicho kilichotokea kwenye mlango wa injini. Baka hilo bado linatoka kama vanishi ipo chini: pamba ya masikioni, tapentaini kidogo, futa kuelekea chini, jinsi mvua inavyotiririka. Usifute kwa mduara.

Sasa minyororo. Umeipaka fedha yote na inang'aa kama sufuria mpya. Juzi nilikwenda kuangalia katapila linalosawazisha kiwanja cha jirani yetu kule Buhongwa, nikachuchumaa pembeni mpaka dereva akaniuliza kama nanunua. Nilichokiona ni hiki. Pale chuma kinapokanyaga mawe yetu haya ya Mwanza, kimesuguliwa cheupe, lakini ni ukingo tu wa kila pingili, siyo pingili nzima. Mashimo yake yamejaa udongo mkavu uliogandamana, wa kijivu. Katikati ya hapo, kahawia. Na upande wa ndani, gurudumu linapopita, kuna njia mbili zimeng'arishwa zikawa laini kuliko nje. Basi paka minyororo kahawia yenye weusi, jaza udongo, kisha chukua penseli ya kawaida, lalisha ncha yake, na usugue kingo tu. Risasi ya penseli inang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Yale meno ya katikati yanayopita kati ya magurudumu mawili mawili, yasugue pande zote. Minyororo ya Type 59 haina vigurudumu vya kuibeba juu, inalala juu ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ilegee kidogo. Yako umeivuta ikanyooka kama waya wa umeme. Kama gundi haijashika sana, ilegeze kabla ya kuweka tope, baadaye haitawezekana.

Tope ndilo jambo nililokusudia kukuandikia hasa. Umesema kifaru hiki kiwe cha vita vya Kagera. Vizuri, Type 59 za Wachina tulikuwa nazo kweli, na mjomba wako alivyolileta boksi hilo la Trumpeter, kampuni ya vifaa vya kuunganisha, kutoka Guangzhou hakujua analeta kitu kinachotuhusu hivyo. Lakini vita vya Kagera vya wapi na mwezi gani? Amin aliingia Oktoba 1978. Januari 1979 majeshi yetu yalikuwa Mutukula, Februari Masaka, Machi Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala. Njia yote hiyo haina uchafu wa rangi moja. Mutukula ya Januari ni kiangazi, vumbi jekundu, kavu, linalotua juu ya kila kitu kilicholala na kuacha kilichosimama. Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi, na Machi mvua za masika zinaanza, kwa hiyo tope la chini ni jeusi, lenye unyevu, na halipandi zaidi ya magurudumu na tumbo la kifaru.

Ningekuwa mimi ningechagua Lukaya, kwa sababu kifaru kilichofika Lukaya kilishapita Mutukula. Weka kwanza vumbi jekundu jembamba sehemu za juu na kwenye mikunjo, lifutikefutike palipokanyagwa. Halafu juu ya hilo, chini tu, tope jeusi. Mtu akikitazama ataona safari nzima, hata kama hajui jina la mahali pamoja. Na lile vumbi jekundu lishikane zaidi pale dizeli ilipomwagika kuzunguka mapipa ya nyuma. Dizeli huvuta vumbi na kulifanya jeusi lenye mng'ao, utaona kwenye tenki la lori lolote.

Babu yako alikuwa akisimulia vita hivyo kwa upande wetu wa ziwa. Machi hiyohiyo ya 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa wanyama wa hifadhi. Ukisimama Capri Point unakiona kisiwa pale mbele. Yeye alikuwa akimalizia kwa kusema swala wa Saanane nao walistahili nishani. Hiyo haihusiani na rangi, nimeikumbuka tu.

Udongo nimekuagizia. Rafiki yangu dereva wa basi la Bukoba ameniletea mfuko mdogo wa udongo mwekundu, nami nimeukaanga kwenye kikaango kikuukuu cha mama yako (usimwambie) ili usiote ukungu, kisha nikauchuja kwa soksi nyembamba mara mbili. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kidogo. Punje moja ya milimita ni jiwe la sentimita tatu na nusu, kifaru kitaonekana kimepakwa kokoto. Kwa tope changanya udongo huo na masizi, gundi nyeupe ya mbao na maji. Kwa vumbi usitie gundi: lipake kavu kwa brashi laini, kisha dondosha tapentaini kwenye kona uliache likauke. Jua kwamba likilowa linakolea sana na utaogopa. Subiri likauke ndipo uamue kuongeza.

Mambo mawili ya mwisho, unapokuja likizo. Usipulizie vanishi isiyong'aa siku ya mvua, inapata ukungu mweupe na kazi yote inaharibika juu juu. Na usipake usiku dirisha likiwa wazi. Umekaa Dodoma mpaka umesahau wale wadudu wadogo wa ziwani wanavyofuata taa. Wakitua kwenye rangi mbichi hawatoki, na katika skeli yako kila mmoja ana ukubwa wa bata.

Mfuko nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi, umeandikwa jina lako na namba yako ya simu, ukaupokee stendi jioni. Ukishaurekebisha upande wa kushoto nipigie picha mchana, nje, bila mwanga wa simu, nione hilo bomba la moshi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama ulilipia chumba.

Baba yako