Kwa Mwanaisha, pamoja na kitabu cha Morgaine

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Sisi huku wazima, mama anakusalimu sana na anauliza mguu wako unaendeleaje. Ujumbe wako niliupata Ijumaa. Nimefurahi mno kusikia kwamba wewe na binti yako mmekaa mkaitazama filamu ya The Mists of Avalon yote, sehemu zote mbili, mpaka chai ikapoa. Ila ulipomalizia kwa kusema kitabu sasa huna haja nacho, moyo uliniuma. Ndiyo maana barua hii inakuja na kifurushi.

Filamu nayo nitaipa haki yake. Anjelica Huston anaposimama kama Viviane, yule Bibi wa Ziwa, kuhani mkuu wa kisiwa cha Avalon, unaamini kabisa kwamba ukungu unamsikia. Julianna Margulies tulikuwa tumemzoea kama nesi wa tamthilia ya hospitali, na hapa akawa Morgaine, na akatosha. Na kubwa kuliko yote, wamemwacha Morgaine asimulie kwa kinywa chake. Karne kwa karne hadithi za Mfalme Arthur zilimtaja kwa midomo ya wengine, mchawi mwenye kijicho, adui wa Arthur, ndugu yake. Marion Zimmer Bradley alipoitoa riwaya hii mwaka 1983 ndipo akamkalisha Morgaine mwenyewe kwenye kiti cha msimulizi. Mapanga na farasi yamesogezwa nje, mbali. Sisi tumo ndani na wanawake, panaposokotwa nyuzi, panapoamuliwa nani ataolewa na nani, na kwa ndoa hiyo ufalme utaelemea wapi. Filamu ya Julai 2001 imelishika hilo vizuri, na ndiyo sababu mwanao hakusinzia.

Sasa, kitabu kina kurasa zaidi ya 800, na filamu ni saa tatu hivi. Kukata ilikuwa lazima, wala silaumu kukata. Ninalolalamikia ni Morgause, mama mdogo wa Morgaine.

Kwenye televisheni umemwona: tangu mwanzo macho yanametameta kwa tamaa, na kila balaa ukiifuata unamkuta nyuma yake. Joan Allen ameigiza kwa ustadi, sina neno naye. Lakini Morgause wa kitabuni ni mama, Mwanaisha. Anapenda kiti cha enzi, anapenda wanaume, haoni haya kwa lolote kati ya hayo, na analea watoto kwa mapenzi, mmoja wao Mordred, ambaye si wa tumbo lake bali la Morgaine. Akija kugeukia giza, anageuka pole pole, umri ukiwa umekwenda, nawe umekaa naye muda mrefu hata unaona kila hatua aliyoikanyaga. Yaani riwaya nzima imeandikwa ili kumvua mwanamke mmoja lile joho la uchawi alilovishwa na watu, kisha televisheni ikalichukua joho lile lile ikamvika shangazi... samahani, mama yake mdogo. Hilo ndilo sikuweza kulimeza.

Tena kwa kuwa mbaya amepatikana, ugomvi wenyewe, wa imani ya kale ya Avalon na Ukristo, umepotea. Kitabuni Merlin si jina, ni cheo, kama Bibi wa Ziwa alivyo cheo. Taliesin, mzee mwenye cheo hicho mwanzoni, akifariki, cheo kinakwenda kwa Kevin, mpiga kinubi aliyeharibiwa mwili na moto tangu utotoni. Huyo Kevin kwenye filamu hayumo kabisa! Naye ndiye anayevitoa vitu vitakatifu vya Avalon na kuvipeleka kwa Arthur, vitumike kwenye ibada ya Kikristo, kwa sababu anaona visipoingia huko vitasahaulika milele. Morgaine anauita uhaini. Hakuna mwovu hapo, ni watu wawili wanaokipenda kitu kimoja kinachokufa, kila mmoja anataka kukiokoa kwa njia yake. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi na bado sijui ningesimama na nani.

Na Gwenhwyfar, mke wa Arthur! Najua ulimchoka. Mimi pia nilimchoka nilipokuwa na miaka ishirini. Lakini kitabuni utakuta kwamba anaogopa mbingu. Akitolewa nje ya kuta, pasipo paa, roho inataka kumtoka. Msichana kama huyo ndiye anayetumwa kwa Arthur pamoja na farasi ambao baba yake anawatoa kwa ndoa hiyo, na anajua fika kwamba farasi ndio waliokuwa wakingojewa. Ukishalijua hilo, ile bendera ya msalaba anayoishona ili mumewe aiache ya kale utaiona kwa jicho jingine. Mwandishi hakubaliani naye, hata hivyo amemwingia moyoni.

Kifo cha Viviane nacho kimebadilishwa. Kwenye filamu ameishi mpaka karibu na mwisho, akauawa na Mordred. Kitabuni anakufa mapema zaidi, mbele ya baraza la Arthur siku ya Pentekoste, kwa shoka la mtu mwingine kabisa. Nilifunga kitabu nikatoka uani. Kuanzia hapo Morgaine anaishi bila yeye, miaka na miaka, anazeeka, anakosea, anaolewa na mtu asiyemchagua. Uzee huo wa mwanamke, na kazi aliyoachiwa imemzidi kimo, ndio televisheni haikuwa na muda nao.

Mwisho umeuona: wanawake wanamwomba Maria, naye Morgaine anaelewa kwamba mungu wa kike wa Avalon bado yumo. Kitabuni anafika Glastonbury akiwa na kijiti cha ule mti wa miiba mtakatifu, anataka kukipanda kaburini kwa Viviane. Mtawa mmoja kijana anampokea kwa upole. Zaidi ya hapo sikwambii.

Nakala ni ile ile yangu ya zamani, jalada lilishatoka, nimeifunga kwa uzi. Kondakta wa basi la Jumanne asubuhi ndiye ataileta, mpigie simu kabla hajafika stendi. Usianze na binti yako, anza peke yako. Igraine, mama yake Morgaine, atakusumbua kidogo mwanzoni, mvumilie. Na ukifika kwa Kevin uniandikie hapo hapo, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, uniambie uko upande gani.

Wako,
Rukia