Yah: Malalamiko kuhusu redio mliyofunga kwenye HiAce yangu

Tabata,
Dar es Salaam.

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua redio ya gari dukani kwenu na kulipia ufundi kwenye karakana yenu. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Gari ni Toyota HiAce ya mwaka 1998 iliyotoka Japani, nalitumia kubebea wanafunzi asubuhi na jioni. Redio iliyokuja nayo ilikuwa nzima, ila redio za Japani za wakati ule hushika FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Ndiyo maana nikaja kwenu.

Tangu mlipoifunga, redio haizimiki ninapochomoa funguo. Alfajiri nakuta betri haina kitu, watoto wako barabarani na mabegi yao, mimi natafuta watu wa kunisukuma. Spika ya nyuma kushoto ilianza kukoroma, ikatoa harufu ya kuungua, kisha ikanyamaza kabisa. Redio yenyewe inachemka mgongoni kiasi cha kutogusika.

Nilipoleta shida hii kwenu, niliambiwa gari ni la zamani, waya zimechoka, ninunue betri mpya. Jibu hilo silikubali. Fundi umeme mwingine alifungua dashibodi mbele yangu, akapiga picha kabla hajagusa waya wowote. Picha hizo nazo nimeziambatisha, na ninaomba mkuu wa karakana yenu azitazame mwenyewe.

Waya za gari ni nzima na hazijapasuka. Kilichoharibika ni plagi zake mbili za redio, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, ambazo fundi wenu alizikata akazitupa. Kisha akaunganisha kwa kufananisha rangi. Kwenye redio mpya waya wa njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, na mweusi ni wa bodi, yaani chuma cha gari kinachoungana na upande hasi wa betri. Kwenye HiAce yangu rangi hizo ni za spika za nyuma! Umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na wa bodi ni wa kahawia. Mtu yeyote mwenye testa angelijua hilo kwa dakika chache bila kuhitaji kitabu.

Fundi wenu alisokota waya mwekundu na wa njano wa redio pamoja, akazipachika zote kwenye umeme wa kudumu, ule wa bluu wenye mstari wa njano. Wa kijivu aliuacha unaning'inia bila hata kufunikwa ncha. Kwa hiyo redio inaamini ufunguo umewashwa usiku kucha. Betri mpya mnayoniambia ninunue nayo ingekufa vilevile.

La spika ni baya zaidi. Waya mweusi wa spika ya nyuma kushoto aliuunganisha na mweusi wa redio, yaani bodi. Redio za siku hizi hazitaki waya wowote wa spika uguse bodi, kwa sababu waya zote mbili za kila spika hubeba karibu nusu ya umeme wa betri hata muziki ukiwa kimya. Ukipeleka mmoja bodi, umeme huo unapita kwenye koili ya spika muda wote, unaichoma, na redio inaumia. Harufu tuliyoisikia ndiyo hiyo.

Na lililonitisha ni fyuzi. Redio ilikuja na fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa njano. Imekatwa, waya umeungwa moja kwa moja na kuzungushiwa tepu. Kwenye kisanduku cha gari, kifuniko kinasema 15 lakini ndani mmeweka ya 30. HiAce ya namna hii injini yake iko chini ya viti vya mbele, na kwa joto la Dar gundi ya tepu inalainika na kuachia. Waya ule ukigusa chuma, hakuna cha kuukatia umeme kabla haujashika moto, na nyuma yangu wamekaa watoto wa watu. Wazazi wao wameniamini. Siwezi kulichukulia hili kama kasoro ndogo ya ufundi.

Nimeichomoa redio, na waya zote nimezifunga ncha. Ninachotaka ni gari lirudishwe lilivyokuwa: plagi za Toyota zirudi, na redio iungwe kwa waya wenye soketi, upande mmoja unaingia kwenye plagi ya gari na mwingine kwenye redio. Waya hizo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri Kariakoo, na kwa bei ya ufundi mliyonitoza mlipaswa kuutumia tangu mwanzo. Fyuzi zirudi kwa kipimo sahihi. Spika mnilipie, redio ipimwe na kama imeumia mnibadilishie, na gharama ya fundi aliyegundua haya mnirejeshee. Kazi hiyo asiifanye fundi yule yule, na nitakuwepo ikifanyika.

HiAce za umri huu ni nyingi mjini, na naamini si yangu peke yake iliyopita mikononi mwa karakana yenu. Naomba waliofungiwa redio kwa njia hii waitwe wakaguliwe.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii pamoja na picha zake Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Mmiliki wa HiAce.