Ile Diski Uliyoiacha Njiani

Tanga

Kwa rafiki yangu mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wanao wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimeanza kwa ukarimu, na Mwajuma anakusalimu na kukukumbusha kuwa bado anaisubiri ile picha uliyomwahidi. Salamu nyingine naziweka akiba kwa sasa, kwa sababu katika ujumbe wako wa juzi kuna jambo lililonikaa moyoni, nami sitaki lipoe kabla sijalijibu.

Umeniandikia kwamba uliinunua ile diski ya The Power of the Daleks niliyokusihi uitafute, ile hadithi ya Doctor Who, tamthilia ya kisayansi ya televisheni ya Uingereza, ambayo picha zake zilipotea zikachorwa upya, ukaiweka jioni baada ya kazi, ukaitazama kidogo, kisha ukaizima katikati ya sehemu ya kwanza, kwa maelezo kwamba ni katuni tu na wahusika wanatembea kama waliofungwa miguu. Kuhusu miguu sibishani nawe. Kazi ile ya mwaka 2016 ilifanywa kwa michoro bapa ambayo viungo vyake husogezwa kipande kwa kipande, na mtu akiinuka kitini au akivuka chumba, jicho huona mara moja kwamba hapana uzito wa mwili pale. Mwaka 2020 waliitoa tena ikiwa imerekebishwa, na pengine wewe umeangukia toleo la zamani. Lakini hilo neno "tu" ndilo lililoniuma, Hamisi, na ningependa nikueleze kwa utulivu kwa nini.

Sauti unayoisikia humo haikuigizwa upya na mtu yeyote. Ni sauti ya Patrick Troughton mwenyewe, kama ilivyotoka kwenye televisheni za Uingereza kuanzia jioni ya Jumamosi tarehe 5 Novemba 1966, alipoanza hadithi yake ya kwanza kama Daktari, mhusika mkuu wa Doctor Who, baada ya William Hartnell kuondoka. Sauti hiyo ilinusurika kwa sababu walikuwapo vijana waliokuwa wakirekodi vipindi nyumbani kwao, wengi kwa kuweka kipaza sauti mbele ya spika ya televisheni. Mmoja wao, Graham Strong, aliunganisha waya za kinasa sauti chake moja kwa moja ndani ya televisheni, na rekodi zake ni safi kiasi kwamba unasikia nguo zikichakacha mtu anapogeuka. Kwa juhudi za watu kama hao, kila sehemu iliyopotea ya tamthilia ile ina sauti yake, hata zile ambazo hapana mtu aliyeziona tangu zilipotangazwa.

Picha ndizo zilizotoweka. BBC ilikuwa ikirekodi kwenye kanda za video za upana wa inchi mbili, kanda za bei kubwa ambazo zilifaa kufutwa na kutumiwa tena. Mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka ya kurudia vipindi. Na rangi zilipoingia BBC1 mwaka 1969, vipindi vya nyeusi na nyeupe vilionekana kuwa mizigo. Zilibaki nakala za filamu za milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, nazo zikaendelea kutupwa kila mkataba wa mauzo ulipokwisha, hadi mwaka 1978 mtindo huo ulipokomeshwa. Kati ya sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo, karibu 100 hazina picha. Sitawalaumu sana waliofuta, maana wakati ule karibu hapakuwa na mtu aliyekuwa na mashine ya kutazamia kanda nyumbani, wala aliyefikiri kwamba siku moja Mtanga atakaa sebuleni kwake kumwomba rafiki yake wa Leeds asiizime hadithi ya mwaka 1966.

Nakuomba uiwashe tena, na safari hii usiizime kabla ya mwisho wa sehemu ya pili. Katika sehemu ya kwanza, sikiliza jinsi Daktari huyu mpya anavyokwepa maswali ya wenzake: kila Ben, msafiri mwenzake, anapombana aeleze kama kweli yeye ni yule yule wa kabla ya kubadilika sura, hajibu, anapiga filimbi yake. Huoni uso wa Troughton, na huo ndio msiba ninaouomboleza kweli, kwa sababu alikuwa mwigizaji wa macho na nyusi, na mchoro hauwezi kurudisha kinachopita usoni mwa mtu kwa nusu sekunde. Lakini filimbi unaisikia, na unamsikia Ben akizidi kukasirika. Kisha sehemu ya pili inakaribia kwisha, mwanasayansi Lesterson anamleta Dalek, yule adui wa Daktari aliyemo ndani ya gamba la chuma, mbele ya wakuu wa koloni, Daktari anapiga kelele kuwaonya, na juu ya kelele zake lile dubwana linarudia tena na tena, kwa sauti inayozidi kupanda, kwamba lenyewe ni mtumishi wao. Mimi nililisikia hilo kwa mara ya kwanza nikiwa nimefumba macho, na mwili ulinisisimka. Sentensi hiyo hiyo itarejea katika sehemu ya sita kinywani mwa mwingine, na sikuambii nani. Nitasema tu kwamba umsikilize Robert James, aliyeigiza Lesterson, jinsi sauti yake inavyovunjika kidogo kidogo kutoka sehemu hadi sehemu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, lakini michoro hii ni nguo ya kuazima iliyoshonwa na watu waliopima mwili kwanza. Alikuwapo mtu aitwaye John Cura, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha skrini ya televisheni wakati kipindi kikiendelea, kati ya picha 60 na 80 kwa sehemu moja, kisha akiwauzia waigizaji na waongozaji ili wabaki na kumbukumbu ya kazi zao. Picha zake nyingi za Doctor Who zilipatikana mwaka 1993 katika hifadhi ya maandishi ya BBC kule Caversham, zikiwamo za sehemu zote sita za hadithi uliyoizima. Mchoraji anapozipanga pamoja na hati ya kamera na ile sauti, anajua mlango ulikuwa upande gani, nani alisimama nyuma ya nani, na koti la Daktari lilikuwa limekunjamana kiasi gani. Kama katuni inakuchosha kabisa, tafuta zile hadithi zilizotolewa kwa kupanga picha mnato hizo juu ya sauti. Kwangu mimi hiyo ni tiba kwa mtazamaji mwenye subira, na wewe subira unayo, kwani nimekuona ukingoja wali wa nazi wa Bi Zuhura.

Usidhani kwamba nayapokea yote. The Invasion ya mwaka 1968, iliyotoka kwa DVD mwaka 2006, naiona bado kuwa kipimo: sehemu 2 tu kati ya 8 zilikuwa zimepotea, ya kwanza na ya nne, wachoraji wa katuni wa Cosgrove Hall wa Manchester wakazichora kwa vivuli vizito vinavyofanana na filamu yenyewe, hivi kwamba unapotoka kwenye mchoro na kuingia kwenye picha halisi hushtuki. Baadaye mkono ulianza kuwa mwepesi. Katika The Faceless Ones, iliyochorwa mwaka 2020, walibandika ukutani matangazo ya mtu anayesakwa na polisi yenye sura za waigizaji waliokuja baada ya hadithi kutangazwa, mmoja wao akiwa wa karne hii. Wengine waliona ni mzaha mzuri. Mimi nilihisi kwamba mtu ameandika jina lake pembezoni mwa kitabu cha marehemu. Mtu aliyetunza sauti ile kwa miaka hamsini alitunza kila pumzi yake, na anayeichora naye anadaiwa uangalifu wa namna hiyo. Kinachonituliza ni kwamba diski ile ina pia sehemu ya kwanza na ya tatu za asili, ambazo zilinusurika, bila kuguswa, na hilo ndilo sharti langu moja kwa yeyote anayetoa kazi hizi: chora upendavyo, lakini cha asili kiweke pembeni yake kamili, mtazamaji achague.

Jambo la ajabu kuliko yote liko katika Fury from the Deep, ambayo sehemu zake zote 6 za mwaka 1968 zimepotea na zikachorwa mwaka 2020. Katika hadithi hiyo kuna wanaume wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanaoingia chumbani mwa mwanamke na kuachama vinywa hadi gesi ya sumu inamwangusha. Tukio hilo tunaweza kuliona kwa picha halisi leo, kwa sababu wakaguzi wa Australia waliona linatisha mno, wakalikata kwenye filamu na kukihifadhi kipande walichokikata. Walichokipitisha kikapotea, walichokikataza kikabaki. Nimeliwaza hilo mara nyingi, na kila mara nashukuru kwamba walikuwapo watu wa ofisi waliotunza mafaili yao vizuri.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu ulikuwa ukielekea tangu mwanzo. Mwaka 2013 Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alikuta mikanda katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria, na ndani yake zikawamo sehemu 9 zilizokuwa zimehesabiwa kupotea, 5 za The Enemy of the World na 4 za The Web of Fear, ambazo Oktoba mwaka huo huo ziliuzwa kwa watazamaji kupitia intaneti. Kabla ya hapo, The Enemy of the World ilikuwa na sehemu moja tu iliyojulikana kwa picha, ile ya tatu, nayo ni ya taratibu. Watu wakaamua kwamba hadithi nzima ni ya kuchosha, ingawa sauti yake ilikuwapo muda wote. Picha ziliporudi wakamwona Troughton akiigiza watu wawili, Daktari na dikteta Salamander, kwa mwendo tofauti na mabega tofauti, na hukumu ya miongo mingi ikabatilika. Kwa hiyo usinielewe kwamba katuni inatosha. Inatushikia nafasi. Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikuwamo miongoni mwa zilizorudi, DVD ya mwaka 2014 ikaiziba kwa picha za Cura, na mwaka 2021 ikachorwa. Ikipatikana kesho, mchoro ule utapisha, nami nitafurahi utakapopisha.

Ndiyo maana nauliza kuhusu mkweo. Uliwahi kuniambia kwamba Mzee alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha filamu cha kituo kimoja cha televisheni, na kwamba stoo yake kule Nairobi ina makopo ya mikanda ambayo watoto wanataka kuyatoa ili wapate pa kuweka friji. Filamu za BBC zilikuwa zikipelekwa kutoka nchi hadi nchi, kituo kimoja kikimaliza kinampa mwenzake, na si kila mkanda uliorejeshwa au kuchomwa kama barua za ofisi zilivyoagiza. Simdai Mzee hazina ya Waingereza. Hata kama makopo yale yana taarifa za habari za hapa kwetu, ngoma, hotuba au mpira wa wakati ule, hayo yana haki zaidi ya kuokolewa, kwani hakuna kijana aliyeyawekea kipaza sauti. Waambie tu wasiyafungue kwa pupa, wasiyakaushe juani, na wasilazimishe mkanda uliojikunja upite kwenye mashine. Wakifungua kopo likatoa harufu ya siki, basi filamu imeanza kuoza na inapaswa kuwekwa mbali na nyingine mahali pa baridi na pakavu.

Nijibu basi, hata kwa kifupi. Je, diski yako ni toleo la 2016 au lile lililorekebishwa? Ina ile rekodi ya sauti pekee, ambayo unaweza kuisikiliza ukiwa garini? Utairudia pamoja na watoto, au wanaogopa Dalek kama alivyokuwa akiogopa Athumani? Katika ile duka la vitu vya mitumba uliyoitaja, hujaona The Invasion ya zamani, yenye jalada zima? Makopo ya Mzee yako mangapi, yameandikwa nini ubavuni, na nani ana ufunguo wa stoo? Na shemeji anaweza kuzungumza na ndugu zake kabla friji haijafika?

Hilo la stoo ndilo la haraka. La diski linaweza kungoja hadi mwisho wa juma.

Wako katika udugu,
Salim