Andikeni muda wote wa safari, sio kilomita tu

Mhariri, naomba mkiandika safari za ndege msiishie kwenye kilomita. London hadi New York ni kama kilomita 5,500, kwenda masaa 8 hivi ila kurudi 7 au pungufu, sababu kule juu upepo mkali unavuma toka magharibi, ukienda unaupinga ukirudi unakusukuma. Halafu sisi wa Mbeya tuna letu, mtu anaona ndege inaondoka Dar saa nne usiku anapanda basi alfajiri hiyohiyo, barabara ni zaidi ya kilomita 800 jamani, lori likianguka njiani pale mlima Kitonga foleni haisogei, ndege inamwacha na nauli ndo imeenda. Inauma sana! Wekeni na masaa ya kufika Dar na ya kusubiri kuunganisha ndege.

Msomaji wenu, Mwanjelwa, Mbeya