Kabla ya kupandisha kifurushi, tazameni pembeni ya saa ya kompyuta

Mhariri,

Kila likizo ikifika, ukurasa huu hujaa barua za wazazi wanaosema gemu za watoto zinamaliza intaneti ya nyumbani, na za vijana wanaosema kampuni zinawauzia spidi hewa. Naomba nafasi niseme na pande zote mbili, maana mimi nashinda katikati yao. Nina steshenari hapa Kihonda, Morogoro. Mbele natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo. Nyuma ya pazia kuna kompyuta sita za gemu ambazo, nisiwafiche, ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Wote tunakula laini moja ya faiba, Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 za kushusha na 5 za kupandisha.

Shida yetu haikuwa intaneti kuwa polepole. Ilikuwa inakimbia vizuri tu, mara inashikwa sekunde kadhaa, inaachia, inashikwa tena. Nyuma ya pazia nasikia "Inaganda! Inaganda!", na kijana aliyekuwa anaelekea golini picha ikirudi anakuta yeye ndiye kafungwa. Mbele, binti kajaza fomu yote, kabonyeza kutuma, kiduara kinazunguka. Akitaka kubonyeza mara ya pili namshika mkono.

Fundi wa kampuni alikuja, kijana mwenye adabu zake, akapima spidi na kunionyesha namba: 20 kamili. Akasema, "Mama, laini haina tatizo, labda upandishe kifurushi." Simlaumu, ndivyo walivyofundishwa. Lakini kipimo kile hakiwezi kuuona ugonjwa huu. Kinapima laini inabeba mzigo kiasi gani kwa sekunde. Hakipimi kipande kimoja kidogo cha data kinasubiri muda gani pale mzigo wa mtu mwingine unapokuwa umetangulia. Ni kama mashine ya kusaga: umekwenda na kisado chako kimoja cha mahindi, mbele yako kuna mtu kashusha magunia ya Fuso. Mashine ni nzima, inasaga kwa kasi yake ileile, na wewe utaondoka jioni.

Hapo wazazi naomba wanisikilize. Gemu yenyewe, ikishaanza kuchezwa, ndiyo kisado. Inatuma na kupokea taarifa ndogo ndogo, mchezaji kasogea huku, kapiga kule, mara nyingi kwa sekunde lakini kwa uzito usiofika hata nusu ya video moja ya kawaida. Magunia ni ya kitu kingine, nacho ni ile programu inayofungulia gemu. Vijana wanaiita lancha. Kazi yake ni kununua, kushusha, kusasisha na kuhifadhi gemu, na siku hizi sasisho moja la gemu kubwa linaweza kuwa GB 30 au zaidi.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumkamata mwizi, na njia yake haina gharama. Alifungua madirisha mawili meusi ya amri kwenye Windows. Kwenye la kwanza akaandika ping, amri inayotuma kipande kidogo cha data na kupima kinachukua muda gani kwenda na kurudi, kisha anuani ya ruta yetu (192.168.1.1, kwa wengine ni 192.168.0.1) na -t mwishoni ili isikome. La pili akaandika vilevile lakini kwa anuani ya nje, 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Ukae unayatazama yote mawili wakati watu wanacheza. Kama namba za ruta ndizo zinazopanda, ugonjwa uko ndani: waifai dhaifu, ukuta mnene, waya uliotafunwa na panya. Zetu za ruta zilitulia kwenye milisekunde 1 au 2. Za nje zilikuwa 30 na kitu, halafu kila vijana walipopiga kelele zinaruka hadi 800, 900, wakati mwingine "Request timed out", yaani jibu halikurudi kabisa. Basi huenda mzigo ulikuwa umeziba mlango wa kutokea au wa kuingilia, na huenda ulitoka kwetu wenyewe.

Ili kuhakikisha, kwenye kila kompyuta akaandika resmon (kifaa cha Windows kinachoonyesha kila programu inatumia nini) kwenye sehemu ya kutafutia, akafungua ukurasa wa mtandao na kupanga programu kwa ukubwa wa data zinazotumia. Kompyuta ya pembeni, ambayo hakuna aliyekuwa ameikalia, ndiyo ilikuwa inakunywa laini nzima. Kijana wa asubuhi alimaliza muda wake, akafunga dirisha la lancha kwa ile alama ya X, akaondoka. Lancha haikufungwa. Ilijificha kwenye vialama vidogo pembeni ya saa, chini kulia, ikaendelea na sasisho lake kwa raha zake.

Hapa pana jambo lililonivutia. Baadhi ya lancha zimetengenezwa zisimamishe kushusha mara unapoanza kucheza. Ni busara nzuri kabisa kwa mtu mwenye kompyuta moja. Lakini lancha inaijua kompyuta yake tu, haina habari kwamba jirani yake kwenye laini hiyohiyo yuko dakika ya mwisho ya fainali. Kwa hiyo kwenye nyumba yenye ndugu watatu, au chumba kama changu, ile busara haimsaidii mtu.

Na kwa nini inashika na kuachia, badala ya kukaa nzito moja kwa moja? Kompyuta zangu ni za mtumba, zina diski za zamani zile za kuzunguka. Lancha inashusha vipande vilivyobanwa, kisha inatulia kidogo kuvifungua na kuviandika kwenye diski, kisha inarudi kushusha. Laini inaziba, inafunguka, inaziba. Diski ikiwa ya pole, mapigo haya yanaonekana wazi zaidi, na mtu anaapa kwamba kampuni inamchezea.

Upande wa kupandisha ndio mbaya zaidi, kwa kuwa ni mwembamba. Lancha nyingi hupeleka kumbukumbu za mchezo kuhifadhiwa kwenye seva zao. Zamani nyingine zilikwenda mbali zaidi: programu ya Pando Media Booster, iliyokuja pamoja na gemu ya League of Legends, ilikuwa inachukua vipande vya gemu kutoka kompyuta ya mchezaji na kuwagawia wengine, mpaka huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2013. Windows 10 nayo ina tabia ya namna hiyo kwa masasisho yake, na unaweza kuizima kwenye mipangilio. Piga hesabu: ruta ikiwa na nafasi ya kupangia foleni ya MB 1, na njia ya kupandisha ni Mbps 5, foleni iliyojaa inahitaji sekunde 1.6 kuisha. Sekunde moja na nusu kwenye gemu ya mpira ni goli.

Tulichofanya hakikugharimu hata shilingi. Lancha zote tulizizuia zisijiwashe kompyuta inapowaka. Tuliziwekea saa za kusasisha, usiku baada ya kufunga, na kompyuta zinazohitaji sasisho zinabaki zikiwaka. Tuliziwekea pia kikomo cha spidi, na hapa muwe macho, maana laini inauzwa kwa megabiti na lancha nyingi huhesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiandika kikomo cha MB 2 kwa sekunde ukidhani umebana sana, umeruhusu Mbps 16 kati ya 20 zako. Sisi tuliweka KB 500. Kwa wanaotumia Steam, moja ya lancha hizo, tangu 2023 inaruhusu kompyuta moja ishushe gemu na nyingine ziichukue kutoka kwake humo humo ndani bila kugusa intaneti. Kwa mwenye kompyuta zaidi ya moja, hilo peke yake ni nusu ya dawa.

Si kila kuganda ni kwa lancha. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini, nchi nzima ililia, na hakuna cha kufunga pembeni ya saa kingesaidia. Tena wanaocheza kwenye seva za Johannesburg wajue kwamba kutoka Dar hadi kule ni kilomita karibu 2,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 25 kabla ya kuhesabu mizunguko ya nyaya na vituo. Hiyo haipunguzwi na kifurushi cha bei yoyote. Ila ucheleweshaji wa umbali unatulia mahali pamoja. Ukiona unaruka juu na kushuka, tafuta foleni.

Dawa ya foleni ipo na si mpya. Mhandisi Mwamerika Jim Gettys aliupigia kelele ugonjwa huu mwaka 2010, na baadaye wenzake wakatengeneza njia za kupanga foleni ili mwenye kisado apite bila kumngoja mwenye magunia. Mojawapo, fq_codel, ilichapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8290, moja ya nyaraka za wazi za wataalamu wa intaneti, na programu za bure za ruta kama OpenWrt zinayo. Sielewi kwa nini ruta tunazofungiwa majumbani hazina, au zinayo na hakuna fundi wa kuiwasha.

Kwa hiyo ombi langu kwa kampuni zinazotuuzia laini ni dogo. Fundi anapokuja kupima, asipime laini ikiwa tupu. Aanzishe kushusha faili kubwa na kupandisha nyingine, kisha ndipo apime pingi, na namba hiyo aiandike kwenye karatasi anayonisainisha, chini ya ile ya spidi. Nanyi wahariri mnapochapisha matangazo na makala za "intaneti yenye kasi", waulizeni wenye nayo hiyo namba ya pili ni ngapi.

Mama mwenye steshenari
Kihonda, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)