Mhariri, kuna upara usiosubiri

Mhariri, salaam, na poleni na kazi.

Nawaandikia kuhusu ule ukurasa wenu wa afya na urembo. Nausoma kila unapotoka na nautetea hata mbele ya wateja wangu, ila mkifika kwenye habari ya nywele kunyonyoka mnaniumiza kweli, maana mnaiandika kama ni tatizo moja lenye dawa moja, mara paka mafuta haya, mara meza vitamini zile, mara punguza mawazo, na chini yake kuna tangazo la mtu anayeahidi kuotesha nywele kwenye kila kichwa. Mi ni msusi, nashinda na vichwa vya watu, na kwa vile wengi wanamuonyesha msusi kabla ya daktari nimejilazimisha kusoma kila utafiti ninaoupata kuhusu haya magonjwa. Ombi langu ni moja tu, muwaambie wasomaji kwamba kuna kunyonyoka kunakosubiri na kuna kusikosubiri, na hiyo tofauti iandikwe juu kabisa kabla ya habari ya mafuta.

Nywele inachipukia kwenye kinyweleo, kile kitundu kidogo cha kwenye ngozi, na ubavuni mwa hicho kinyweleo kuna seli mama ambazo nywele ikidondoka ndo zinaanzisha nyingine. Sasa kuna magonjwa ambayo uvimbe wake unashambulia hapo hapo kwenye seli mama. Zikishakufa mwili unajaza kovu, na kinyweleo kikishageuka kovu hakuna mafuta wala kidonge kitakachokirudisha, tiba zilizopo kama sindano za steroidi na vidonge vya doksisaiklini zinatuliza uvimbe ili nywele zilizobaki zisiende. Kwa hiyo mtu akikaa mwaka mzima anajaribu mafuta tuliyomshauri, mwaka huo ndo ule ambao daktari angeweza kuokoa kitu, na haurudi.

Na dalili zake zinaonekana, sio lazima uwe na mashine. Tenganisha nywele pale utosini kwenye mwanga mzuri uangalie ngozi yenyewe. Ngozi isiyo na kovu ina vidoti vidogo vidogo, hata pale nywele zilipokwisha bado utaona vitundu. Ngozi yenye kovu ni laini, inang'aa, vitundu vimepotea, na pembeni yake saa zingine unakuta nywele tano sita zimetoka kwenye tundu moja kama za mwanasesere. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia panawasha, panachoma, panauma hata akilaza kichwa kwenye mto, au atakwambia hasikii chochote, na huyu asiyesikia chochote ndo ananitia hofu zaidi kwa sababu hana kinachomsukuma kwenda hospitali. Halafu kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wanaoelezea vitabuni hauonekani hivo, unaweza kuona zambarau au kahawia iliyokolea au kijivu, kwa hiyo hata mtu wa afya kama hajazoea anaweza kupapita tu.

Kuna aina moja naomba muiandikie makala yake peke yake, ile inayoanzia utosini na kusambaa kwenda nje, madaktari wanaifupisha CCCA, na inawapata zaidi wanawake weusi. Mwaka 1968 ilipoelezwa kwenye jarida la kitabibu iliitwa upara wa kitana cha moto, yaani mwanamke ndo kajiunguza mwenyewe kwa kunyoosha nywele. Lawama hiyo ilikaa miongo na miongo, na bado ipo, nasikia watu wanaambiwa hivo mpaka leo. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine likatoa utafiti wa timu yenye watu wa Israel, Afrika Kusini na Marekani, mmoja wao Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, na wakakuta karibu robo ya wanawake wenye ugonjwa huu waliowapima wana mabadiliko kwenye jeni, yaani maelekezo ya urithi mwilini, inayoitwa PADI3, inayosaidia kuunda unywele wenyewe. Kwa hiyo kwa wengine ugonjwa una mizizi kwenye damu ya familia, na mama akiwa nao mabinti zake waangaliwe mapema, hasa nywele za utosini zikianza kukatika katika bila sababu, maana hiyo inaweza kuwa ndo dalili ya kwanza. Hili moja tu lingewaondolea wanawake wengi aibu waliyobebeshwa bure.

Sisemi kwamba mitindo haina kosa, sisi wasusi tuambiwe ukweli. Kusuka kwa kukaza kunang'oa nywele za pembeni, hilo halina mjadala, limeandikwa tangu 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wanafunga nywele kwa kukaza, na likianza likaachwa mapema nywele zinarudi, likiendelea miaka linageuka kovu vile vile. Mteja akitoka kwa msusi ana vipele kwenye mstari wa nywele au kichwa kinamgonga, mtindo ufumuliwe siku hiyo hiyo.

Sasa huku kwingine, kunakosubiri. Mtu akiugua homa kali, akijifungua, akifanyiwa upasuaji au akijinyima chakula, nywele nyingi kwa mkupuo zinaingia kwenye mapumziko, na zinadondoka miezi miwili mitatu baadaye, wakati yeye alishasahau hata kama aliumwa. Zinatoka mafungu kwenye kitana mpaka mtu analia, na kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi kadhaa. Hapa ndo mafuta yanapopata sifa! Mtu kapaka katikati ya hiyo miezi, nywele zikarudi, anapiga picha anaweka kabla na baada, na nyinyi mnaichapa, wakati angepaka maji matupu zingerudi vile vile.

Ndo maana watafiti wanapima kwa kulinganisha na dawa bandia, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa. Chukueni alopesia areata, ile ya viraka vya duara ambapo kinga ya mwili inashambulia nywele zake yenyewe. Profesa Angela Christiano wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye naye anao ugonjwa huu, pamoja na wenzake walichunguza jeni za wagonjwa wakatoa matokeo mwaka 2010, mwaka 2014 wakaonyesha kwamba dawa za kuzuia vimeng'enya vya JAK, vinavyopitisha ishara za kinga, zinaweza kutuliza hayo mashambulizi, na mwaka 2022 Marekani ikaidhinisha moja ya dawa hizo, barisitinibu, kwa wenye hali mbaya baada ya majaribio mawili ya watu 1,200 kwa pamoja. Baada ya wiki 36 zaidi ya theluthi ya waliomeza kipimo kikubwa walikuwa na nywele kwenye asilimia 80 ya kichwa au zaidi, na kwenye kundi la dawa bandia ni asilimia 3 mpaka 6 tu. Kwa hiyo hata bila dawa wapo waliopona, wachache, lakini wapo, na mwenye mafuta angewapiga picha hao hao. Dawa yenyewe inashusha kinga na inataka usimamizi wa daktari, sio ya kununua kienyeji, na hilo nalo liandikwe.

Minoksidili mmeitaja mara nyingi na sina ugomvi nayo, ni dawa ya kweli, ilianza kama kidonge cha presha, watu wakaota nywele mwilini ndo ikafanywa ya kupaka, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988. Ila hamsemi kwamba ukiiacha faida yake inaondoka baada ya miezi, wala hamsemi kwamba haiamshi kovu.

Na watoto jamani. Mapunye ni fangasi, na fangasi huyo anaingia ndani ya unywele wenyewe ambako krimu ya kupaka haifiki, ndo maana tiba ni ya kumeza, griseofulvini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 au siku hizi terbinafini, kwa wiki kadhaa mpaka yaishe. Mzazi anapaka krimu na maji ya limao mwezi mzima, mtoto anaambukiza wenzake kwa kitana na kofia, na kichwa kikishavimba na kutoa usaha nacho kinaweza kuacha kovu la maisha.

Kitu kingine ambacho mngekifanya hata wiki hii ni kuhusu vidonge vya biotini, ile vitamini ya nywele, mnavyovisifia kila mara. Watu wenye upungufu wa kweli wa biotini ni wachache sana, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba biotini nyingi inaweza kuvuruga vipimo vya damu, kikiwemo kile cha troponini kinachotumika kujua kama mtu amepata shambulio la moyo. Mtu anaweza kufika hospitali moyo umepata madhara na kipimo kikasoma yuko sawa, sababu ya vidonge vya nywele! Sijawahi kuona sentensi moja kuhusu hili kwenye ukurasa wenu.

Naomba pia muandike kuhusu biopsi kwa sababu watu wanaiogopa wakidhani wanapasuliwa kichwa. Wanachoma ganzi, wanachukua kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 hivi, wanashona nyuzi moja mbili, mtu anaenda nyumbani siku hiyo hiyo, na hicho kipande ndo kinaweza kusema kama seli mama bado zipo au zimeanza kuliwa. Na mkiweka picha wekeni za vichwa vyeusi na vya nywele za kipilipili, sio vya nywele nyoofu peke yake, na zile za utosini zipigwe kwa karibu mtu aone vitundu vipo au havipo.

Kuhusu matangazo najua gazeti linaishi kwa hayo. Lakini kabla ya kupokea la dawa ya nywele, muulizeni mwenye dawa mambo mawili, ilijaribiwa kwa ugonjwa gani, na waliopewa dawa bandia walifikia wapi. Akijibu, chapeni na majibu yake.

Msusi na msomaji wenu